Mjomba, ligi yetu ya fantasi imetumbuka usaha

Mjomba, shikamoo.

Najua wengine wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi. Mimi nakuletea mpira, tena mpira wenyewe si wa uwanjani, ni wa kwenye simu. Usicheke kwanza, nisikilize.

Tuko marafiki kumi na wawili, tunajuana tangu sekondari. Huu ni msimu wetu wa tatu wa ligi ndogo kwenye Fantasy Premier League (FPL), ule mchezo wa kupanga timu yako ya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ukapata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Mimi ndiye mwenyekiti, cheo nilichokipata kwa sababu nilichelewa kusema hapana. Msimu wa kwanza ulikuwa raha tupu. Hapakuwa na pesa. Aliyeshika mkia kwa mwezi husika alichaguliwa picha ya wasifu na wenzake, akakaa nayo wiki nzima, basi. Jumamosi grupu lilikuwa linawaka kuanzia asubuhi. Mtu anaandika "beki wangu kafunga!" halafu dakika mbili baadaye anaandika "wamelikataa", na sisi wote tunamlilia kwa kucheka.

Msimu wa pili tukasema tuchange kidogo ili watu wakaze. Bingwa akabeba mfuko mzima. Msimu huu tumechanga tena, na dau tumelipandisha.

Raundi ya 21 imekwisha. Anayeongoza tunamwita Mhasibu, kwa jinsi anavyopiga hesabu, na amemwacha wa pili kwa pointi 136. Watu watano hawajagusa timu zao tangu raundi ya 10 au ya 11. Timu moja ina majeruhi watatu kwenye kikosi cha kwanza na mwenyewe hana habari. Cha kuudhi, mmoja wa hao waliolala bado yuko juu ya wawili wanaohangaika kila wiki. Grupu sasa limekuwa mahali pa kutumiana matangazo ya kazi.

Halafu kuna Mwalimu. Tunamwita hivyo ingawa hajawahi kufundisha popote, ni kwa sababu hawezi kujibu swali bila kuanza na utangulizi. Yeye ndiye anayeshika mkia. Mwishoni mwa mwaka raundi moja ilianza Ijumaa usiku, yeye akadhani ni Jumamosi kama kawaida. Alipofungua programu kupanga timu, muda ulikuwa umefungwa dakika arobaini zilizopita. Nahodha wake, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, hakucheza, na nahodha msaidizi, anayeshika nafasi yake, naye hakucheza. Akaambulia pointi 19.

Grupu likafufuka. Na mimi, Mjomba, sikatai, nilichukua picha yake ya mahafali, amevaa joho, nikamtengenezea stika. Chini nikaandika "19" kwa herufi kubwa. Watu walicheka mpaka usiku wa manane. Kumbe stika ilitoka nje ya grupu, ikafika hadi kwa wenzake kazini. Na kumbe wiki hiyohiyo alikuwa amepokea majibu ya mtihani wake wa bodi, hakufaulu. Nakuapia sikujua. Saa kumi na moja alfajiri alitoka kwenye grupu bila kuandika hata neno. Wiki ya pili sasa hapokei simu zangu.

Mzaha mzaha umetumbuka usaha, ndiyo hivyo. Sasa wengine wanasema mfuko ugawanywe kwa watatu wa juu badala ya bingwa peke yake, ili watu waamke. Mhasibu hataki hata kusikia. Binafsi naona wazo ni zuri kwa afya ya ligi. Mimi niko wa nne, pointi 6 nyuma ya wa tatu, lakini hilo halihusiani.

Nikuulize, Mjomba: nivunje ligi tuanze upya? Niwafute waliolala? Pesa nizigawe vipi? Na huyu Mwalimu nimfanyeje?

Ni mimi, Mwenyekiti asiye na raha


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Umeniuliza mambo manne na Mwalimu umemweka mwisho, nyuma ya pesa. Mimi naanza na yeye. Ligi ikifa leo, Agosti mtafungua nyingine. Rafiki wa tangu sekondari hana Agosti.

Wewe kwenye ile stika uliona pointi 19. Sasa itazame kwa macho ya wenzake kazini, ambao hawajui fantasi ni nini: mtu kavaa joho, chini yake pana 19. Wao waliona nini? Waliona alama za mtihani. Na yeye alijua kwamba ndivyo watakavyoona. Nakuamini ukisema hukujua, lakini kutojua kunakusafisha nia tu. Uchafu bado uko sakafuni, na fagio ni lako.

Kwanza futa stika kwenye simu yako. Kisha ingia kwenye grupu uandike sentensi mbili: stika niliitengeneza mimi, nilikosea, naomba kila aliyenayo aifute na aliyeituma nje amwambie aliyemtumia afute. Ishia hapo. Usieleze habari za mtihani! Najua utatamani kueleza ili wakuone una sababu ya kujuta, lakini ukieleza utakuwa umemtangaza mara ya pili. Kama yeye hakuwaambia, si kazi yako.

Halafu mtafute. Simu umepiga wiki mbili, haipokelewi, kwa hiyo acha kupiga. Na usimtumie ule ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao nusu yake unajitetea. Mwandikie mistari michache tu: "Mwalimu, ile stika niliitengeneza mimi. Nilikukosea. Nimeifuta na nimewaambia wote waifute. Sikuombi urudi kwenye ligi. Nikipata nafasi ya kukuona nitashukuru." Kisha nyamaza. Neno la ligi lisitoke tena mdomoni mwako mpaka yeye mwenyewe aliulize. Akiona unambembeleza arudi, atajua umemfuata kwa sababu jedwali lina pengo.

Nisikufanye udhani nakataza utani. Ligi ya fantasi isiyo na utani ni kazi ya takwimu isiyo na mshahara. Mimi mwenyewe nimetaniwa hadi leo sijapona. Mwanzo wa msimu wa 2024/25 nilipanga timu yangu bila Mohamed Salah wa Liverpool. Bei yake kwenye mchezo ilikuwa pauni milioni 12.5, nikamtazama nikasema, miaka 32 huyu, keshatoa alichonacho, acha nimchukue Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, kwa milioni 15 na pesa inayobaki nijaze viungo. Raundi ya kwanza tu, ugenini kwa Ipswich, akafunga na akatoa pasi ya bao. Nikasema ni bahati. Kila wiki nasema nitamnunua wiki ijayo, na kila wiki bei inapanda na mimi nazidi kuona aibu. Akamaliza msimu na mabao 29, pasi za mabao 18, pointi 344, rekodi ya mchezo huo. Wenzangu wakanibatiza Mzee Bila Sala. Hata leo nikikohoa kwenye grupu, mtu anauliza kama nimesali.

Nilicheka nao, na bado nacheka, kwa sababu walichokishika ni uamuzi wangu wa kijinga. Niliufanya kwa mikono yangu, kwenye mchezo, na mchezo ukanihukumu. Wewe ulichukua picha ya mahafali ya mtu. Joho lile halikuwa sehemu ya timu yake. Kama ungechukua kikosi chake kilichopata 19, ukakizungushia fremu ya rambirambi na kuandika "tulikupenda ila muda ulikupenda zaidi", Mwalimu angekujibu kwa insha ndefu yenye utangulizi na nyote mngekuwa pamoja mpaka leo. Na hata hicho kikosi kingebaki ndani ya grupu. Utani wa watu kumi na wawili ukienda kwa watu wasiohusika, hawaujui mwanzo wake.

Sasa pesa.

"Mimi niko wa nne, pointi 6 nyuma ya wa tatu, lakini hilo halihusiani." Mpwa wangu, sentensi hii nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Linahusiana! Hata kama nia yako ni safi kama maji ya chupa, mwenyekiti hawezi kupigania kanuni mpya itakayomnufaisha mwenyewe raundi 17 kabla ya mwisho. Mhasibu hana roho mbaya. Alitoa pesa yake akijua bingwa anabeba zote, kama msimu uliopita. Angekuwa anaburuza mkia, mngemrudishia mchango? Basi na leo anaongoza, mwacheni aongoze. Hamkuandika popote, najua, lakini mlichofanya msimu wa pili bila mtu kupinga ndiyo kanuni yenu mpaka mtakapokaa na kuibadilisha, na mahali pa kuibadilisha ni kabla ya raundi ya kwanza.

Hapa nikuchomekee kisa kidogo. Mchezo huu wa kupanga timu za kufikirika, sehemu ya mizizi yake iko kwenye futiboli ya Wamarekani. Mwaka 1962 bwana mmoja, Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa kwenye timu ya Oakland Raiders, alikaa hotelini New York na wenzake wachache wakatunga kanuni. Uchaguzi wa kwanza wa wachezaji ukafanyika Agosti 1963, timu zikiwa nane. Yaani karatasi ya kanuni ilikuwepo miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kuwa na timu. Wakati huo hakuna aliyejua nani atakuwa wa nne.

Jambo jingine kuhusu mfuko: uko kwako peke yako? Kama ndivyo, leo hii tafuta mwenzako mmoja mshike wawili, na salio liwekwe kwenye grupu wote walione. Hakuna aliyekutuhumu, ndiyo maana huu ndio wakati mzuri. Na msimu ujao rudisheni dau chini. Kiasi kizuri cha kuchanga ni kile ambacho mtu akikikosa atakuwa amekisahau kufika Jumatatu. Mlipolipandisha mlidhani mnaongeza utamu, kumbe mliongeza sababu ya kukasirika.

Tuje kwenye usingizi wa ligi. Usiwalaumu haraka hao watano, fanya hesabu kwanza. Pengo ni pointi 136, raundi zimebaki 17. Hata huyo wa pili, ili amfikie Mhasibu, inabidi amzidi kwa pointi 8 kila raundi, raundi 17 mfululizo. Pointi 8 ni bao zima la mshambuliaji uliyempa unahodha: bao ni 4, unahodha unazidisha mara mbili. Lakini si bao lolote, liwe bao ambalo Mhasibu hana. Na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu wachezaji wanaofunga kila wiki kila mtu anao. Haaland akifunga mawili na nyote mmempa unahodha, nyote mmepanda sawasawa na pengo halijatikisika. Ndiyo maana anayeongoza ligi ndogo anaweza kukaa tu na kuiga vikosi vyenu, akawamaliza kwa kutofanya lolote. Mtu aliye wa nane anaiona hesabu hii hata bila kuiandika. Anafungua programu, anaona jedwali, anafunga.

Kwa hiyo usivunje ligi. Iache iendelee, Mhasibu avune alichopanda, na pembeni fungua ligi ya pili. Unapofungua ligi ya kawaida kwenye FPL, mfumo unakuuliza pointi zianze kuhesabiwa raundi ipi. Chagua raundi ya 22 kama bado hujachelewa, ukichelewa weka inayofuata. Kila mtu anaingia na timu yake ileile, ila jedwali linaanza sifuri, Mhasibu naye sifuri. Hii isiwe na pesa hata shilingi. Tuzo iwe ile ya msimu wa kwanza, picha ya wasifu, kwa sharti kwamba picha zinazochaguliwa ni za mpira tu. Ukiniuliza mimi, pale ndipo mlipoipoteza raha: mlikuwa na adhabu inayochekesha mkaibadilisha kwa malipo.

Na juu ya hiyo, chora ratiba ya mtu kwa mtu. FPL yenyewe ina ligi za namna hiyo, ushindi pointi 3, sare pointi 1, lakini kwa sasa hata karatasi inatosha. Kila raundi unapambana na mmoja tu. Uzuri wake ni kwamba aliyeshika mkia anaweza kumwangusha kinara Jumapili hii, na akatamba wiki nzima, hata kama kwenye jedwali kubwa bado wako mbali kama mbingu na ardhi. Mlio hai mko sita ukimtoa Mwalimu, saba akirudi. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, fanyeni kama mfumo unavyofanya: anayekosa mpinzani anacheza na wastani wa raundi. Nakuonya, kufungwa na wastani kunauma kuliko kufungwa na mtu.

Waliolala usiwafute. Kwanza wamelipa. Pili, kwa kanuni za msimu huu wa 2025/26 wamekaa juu ya hazina bila kujua. Chipu, yaani zile karata maalumu ambazo kila moja unaitumia mara moja, zimetolewa seti mbili, moja ya nusu ya kwanza na nyingine ya nusu ya pili. Kwa hiyo mtu aliyelala tangu raundi ya 10 ana seti nzima ya pili haijaguswa: ya kubadilisha kikosi chote, ya kikosi cha raundi moja, ya kuhesabu benchi, na ya nahodha mara tatu. Zaidi ya hapo, uhamisho wa bure usiotumika unalimbikizwa hadi 5. Akiamka leo anaweza kupangua theluthi ya kikosi bila kukatwa zile pointi 4 za kila uhamisho wa ziada, wakati nyinyi mnaohangaika mmetumia wenu wote.

Waambie hivyo, lakini mmoja mmoja, faragha. Tangazo la jumla kwenye grupu la "jamani tuamkeni" halijawahi kumwamsha mtu. Mwandikie kila mmoja: "Una uhamisho mitano wa bure na chipu zote nne, tunaanza jedwali jipya raundi ijayo, unaingia?" Watakaosema ndiyo, karibu. Watakaosema wamechoka, waache wapumzike, ni mchezo, hawakuapa. Na yule aliyelala akawapita wawili mnaokesha mkitazama takwimu, mpeni tuzo. Siyo mzaha kabisa: mfumo humwingiza mtu wa benchi pale wa kikosi cha kwanza asipocheza, kwa hiyo timu iliyopangwa vizuri Agosti hutembea yenyewe muda mrefu. Hao wawili waliopitwa, wao ndio wa kutaniwa, na wamejitakia. Kila Jumanne mnabadilisha wachezaji, mnalipa pointi 4 hapa, 4 pale, mnamfukuza aliyefunga wiki iliyopita. Mimi najua ugonjwa huo, sitaki kuueleza zaidi.

Mhasibu naye mmtendee haki. Naona kwenye jina lenyewe kuna kijicho. Mtu akisoma takwimu na ratiba mpaka macho yakauma, huo si udanganyifu, ni mapenzi. Ila zungumza naye, umuombe jambo moja: kila raundi, baada ya muda kufungwa, aeleze kwenye grupu kwa nini alimpa fulani unahodha. Atafurahi kuulizwa, na nyinyi mtapata cha kubishania. Anayeongoza akikaa kimya ligi hupoa upesi, kwa sababu hamna wa kumzomea.

Kuhusu muda wa kufunga, lile kosa la Mwalimu limewahi kumpata kila mtu aliyecheza mchezo huu zaidi ya msimu mmoja. Muda unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na mechi ya kwanza haina adabu: mara Ijumaa, mara Jumamosi mchana, mara katikati ya wiki. Wekeni zamu. Wiki hii wewe, wiki ijayo mwingine, kazi yake ni kuandika kwenye grupu siku moja kabla na saa moja kabla: muda unafungwa saa fulani. Atakayesahau baada ya hapo, hana wa kumlaumu, na hakuna kufidiwa. Na kila mtu ajizoeze kumpa unahodha msaidizi mchezaji wa mechi nyingine, anayecheza dakika zote kila wiki, hata kama hafungi sana. Yule wa Mwalimu naye hakucheza, na hapo ndipo ilipotoka 19.

Ya msimu ujao usiyabebe yote leo. Mkikaa Agosti, andikeni ukurasa mmoja: dau, mgawanyo, nani anashika mfuko, nini kinafanyika mtu akijitoa. Mkitaka kugawa, kumbukeni jedwali la ligi linaweza kusomwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo tuzo ndogo za mwezi ni rahisi na mtu aliyeanza vibaya Agosti ana sababu ya kuamka Oktoba. Na kama mmechoka kufanana vikosi, jaribuni ile FPL ya drafti, ambako mnachagua wachezaji kwa zamu na kila mchezaji ni wa mtu mmoja tu kwenye ligi. Hakuna bei, hakuna nahodha. Kule Mhasibu akimchukua Haaland, nyinyi wengine mnabaki kumtazama.

Mwisho, ile ratiba ya mtu kwa mtu. Usipange jina la Mwalimu kabla hajasema mwenyewe kwamba anarudi. Akirudi, raundi yake ya kwanza mpange na wewe. Akikufunga, stika ni yako, picha achague yeye, na namba atakayoiandika chini usiulize.